Wimbo wa Kuchagulia Mchele

Mchele unaouzwa madukani Kingsbury Road, huku London, hauna jiwe wala chuya. Umepita kwenye mashine, ukatiwa kwenye mfuko wenye zipu, na mwenye duka, Mhindi mzaliwa wa Kisumu ambaye Kiswahili chake kinakishinda cha binti yangu, alimhakikishia mama yangu hivyo kila alipokwenda kununua. Mama naye alimjibu lile lile: "Hiyo mashine yako ina macho?" Akifika nyumbani aliumwaga kwenye sinia, akakaa karibu na dirisha linalotazama kituo cha basi, akauchagua punje kwa punje kama alivyofunzwa Unguja. Sikumbuki kumwona akiokota kitu. Lakini alipokuwa akichagua aliimba mdomo umefumba, na kwa ajili hiyo hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kumwambia aache.

Haukuwa wimbo mzima. Ulikuwa mstari mmoja tu, unapanda kidogo, unazunguka kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni msikitini, kisha unashuka na kukatika pale pale ambapo sikio linataka uendelee. Halafu unaanza upya. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza ameutoa wapi, akanambia hakuutoa popote, anauimba tu. Akifua hauimbi. Akishona hauimbi. Mchele tu.

Nimeanza na mama kwa sababu kisa hiki wengi wamekisikia kikianza na banjo, na mimi nimechoka kukisikia hivyo.

Mimi ni mpiga fidla. Baba alikuwa mpiga fidla wa taarabu, na yeye ndiye aliyenifunza kukaa wima kwenye kiti, kupaka ulimbo kwenye upinde bila ya kuufuja, na kumsikiliza mwimbaji kuliko kujisikiliza. Alinifunza na jambo jengine bila kulisema. Katika kikundi chao mtu akitunga wimbo hasimami akasema huu wangu. Wimbo ni wa kikundi. Mshereheshaji anakitaja kikundi, pazia linafunguliwa, basi. Lakini mji mzima unamjua mtunzi. Atapita sokoni, muuza ndizi atamwambia ule wa juzi umetuua, naye atauliza upi tena, kama hajui. Anayejitaja mwenyewe anaonekana mshamba, mtu asiye na watu wa kumtaja.

Nilikuja London na wazee wangu nikiwa msichana. Baba alifia huku na fidla ikabaki kwangu. Mchana nilikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno Stanmore, nikipokea simu na kuwatuliza wenye mashavu yaliyovimba, na jioni nilijipigia chumbani taarabu bila mwimbaji wala kikundi, mpaka jirani agonge ukuta.

Bluegrass niliikuta kwa bahati. Ni muziki wa milimani Amerika, ndugu yake kantri: banjo yenye tumbo la duara lililowambwa ngozi, gita, mandolini iliyo kama gita dogo, besi na fidla, hauna ngoma, na unakwenda mbio. Jumapili moja mchana nilikuwa nikipita mbele ya baa moja kaskazini ya London, dirisha la juu liko wazi, nikasikia fidla ikiteleza kutoka sauti moja kwenda nyengine kama alivyokuwa akiteleza baba. Nilisimama nje, mtandio kichwani, nikijiuliza ni nani wa kwetu atakayepita akanione. Kisha nikapanda ngazi nikaagiza juisi ya machungwa.

Aliyenikaribisha alikuwa mpiga banjo, Mwingereza mrefu mwenye sauti ya upole, amenizidi miaka michache. Jumapili iliyofuata nilirudi na fidla, nikavuta kiti ili nipige, akakiondoa. Hapa tunasimama, aliniambia. Ndiye aliyenifundisha kusimama, na zaidi ya hapo akanifundisha maikrofoni. Bendi za bluegrass zinazofuata ya zamani huizunguka maikrofoni moja tu. Mwenye zamu huisogelea, wengine humpisha kwa bega na nyonga bila kusema neno. Ukiwahi utagongana na shingo ya gita. Ukichelewa, wimbo unabaki na shimo. Zamu yangu ilipokaribia alinigusa kiwiko kwa kidole, mimi nikaingia, yeye akarudi nyuma. Baada ya muda nilijua mwenyewe bila kuguswa, lakini hakuacha, na kidole kile kikawa ndiyo salamu yetu.

Maisha yangu ya fidla yakaanza upya hapo. Nilipiga kwenye mahema ya mashambani yenye matope mpaka vifundoni, kwenye kumbi za makanisa, kwenye harusi za Waingereza wanaocheza kwa mabuti ya wachunga ng'ombe. Niliswali kwenye maegesho ya barabara kuu, nyuma ya gari la bendi, fidla nimeiweka mbele yangu isije ikaibiwa. Kila mahali niliulizwa mtu kama mimi nimeujuaje muziki huu. Muuguzi mmoja Mkenya aliyekuja kliniki kung'olewa jino ndiye pekee ambaye hakustaajabu. Kwao, alisema, kantri ni muziki wa nyumbani, na akaniimbia pale pale na ganzi mdomoni. Bendi nyengine zikaanza kuniita nirikodi nazo, nikapunguza siku za kliniki. Lakini bendi yangu ilikuwa ile ya mpiga banjo, na yeye nilimhesabu ndugu.

Mama hakulipenda neno baa. Mabibi wenzake wa maulidi walishamuuliza kwa mafumbo, naye akawajibu kwamba mwanawe anafanya kazi ya marehemu babake, na mwenye la kusema akamwambie marehemu. Mpiga banjo mwenyewe alimpenda kuliko nilivyotegemea. Alikuja kwetu karibu kila wiki. Alijifunza kuvua viatu na kula kwa mkono, na alijifunza kusema shikamoo, ambayo alimpa mama, akanipa mimi, akampa na binti yangu aliyekuwa bado skuli, na binti akaitikia marahaba kwa fahari kubwa. Mama alimwekea ukoko wa pilau, ambao sisi wa nyumbani tumeugombania tangu utotoni. Alimwita mwanangu. Kula mwanangu, alimwambia, banjo haishibishi. Nami nikawa mfasiri wa mapenzi hayo.

Wimbo wenyewe ulizaliwa jikoni kwa mama, na mpiga banjo alikuwepo. Wimbo wa fidla katika bluegrass una sehemu mbili: ya kwanza hukaa chini, ya pili hupanda, na kila moja hupigwa mara mbili. Siku hiyo mama alikuwa na sinia lake. Nikachukua fidla nikaufuata mstari wake taratibu mpaka pale unapokatika. Mpiga banjo akaweka kikombe chini. Akaniomba nimwombe mama aurudie. Mama akaona haya, akasema kwani yeye ni mwimbaji, kisha akaurudia, macho yake kwenye mchele. Hiyo ikawa sehemu ya kwanza. Ya pili niliitunga mimi, kwa wiki nyingi, nikitafuta namna ya kumjibu mama. Kila nilichokipata nilimpigia mpiga banjo kwanza, na yeye ndiye aliyesema hatimaye, hapo sasa, usiguse tena. Nyumbani tuliuita Mchele.

Bendi ikauchukua, na haukupita muda watu wakawa wanakuja kuusikia huo. Walioniuliza nani kautunga niliwaambia ni wa bendi. Ndivyo nilivyolelewa. Nilimweleza mpiga banjo desturi hiyo ndani ya gari, tukitoka hema moja kwenda jengine: kwetu mtunzi hatajwi. Alisema ni adabu nzuri kuliko zote alizowahi kuzisikia. Alinisikiliza vizuri sana, naona sasa.

Kisha mama akasema anarudi kwao. Magoti yake yamechoka na baridi, na mdogo wake amebaki peke yake kwenye nyumba ya wazee wao. Hakusema anakwenda kutembea. Aligawa makoti. Nilijua kwamba akishaondoka hatarudi tena Kingsbury, na nikataka kitu kimoja kabla hajaondoka: akae ukumbini, asikie kwa masikio yake, mbele ya watu, kwamba wimbo ule ni wake. Baba alikuwa na mji wa kumjua. Mama hapa alijulikana na mwenye duka la mchele na mabibi wa maulidi, na nusu yao walikuwa wameshazikwa. Kwa ajili yake nikavunja desturi. Mpiga banjo ndiye aliyekuwa akizungumza na watu jukwaani, nikamwomba atangaze kwamba wimbo umetoka kwa mama mmoja wa Unguja, kwamba yupo ukumbini, na binti yake akaumalizia. Maneno hayo tu. Aliweka mkono kifuani, akasema inshallah, neno alilolipata mezani kwetu.

Ilikuwa Jumapili mchana, katika ukumbi wa kanisa. Safu za mbele walikaa waandaaji wa tamasha kubwa la bluegrass, wamekuja kutusikiliza kama tunafaa kualikwa. Mama alivaa buibui jipya na alikuwa amejifukiza udi mpaka waliokaa mbele yake wakageuka. Binti yangu alikaa ubavuni kwake. Mama aliketi wima, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Kwa kila wimbo uliopita nilimwona akimuuliza mjukuu wake kitu, na mjukuu akitikisa kichwa: bado.

Wimbo ukafika. Mpiga banjo akaisogelea maikrofoni.

"Wimbo huu hauna mwenyewe," alisema. "Niliupata kwa mzee mmoja milimani Amerika, naye aliupata kwa babu yake. Mtunzi wake hajulikani."

Akautaja kwa jina la mto ambao sijapata kuusikia. Watu wakaguna kwa raha, kama wanavyoguna wakiambiwa kitu ni cha kale. Mimi nilimtazama mama. Alikuwa amemwinamia mjukuu wake ili atafsiriwe. Binti yangu, ambaye bibi yake akimsemesha Kiswahili humjibu kwa Kiingereza siku zote, alikuwa akihangaika kutafuta maneno, na midomo yake niliiona ikitamka mzee, ikatamka Amerika. Mama akaitikia kwa kichwa, akatazama mbele. Niliungua. Sina neno jengine la kusema nilivyohisi.

Gita likaanza, ikafuata mandolini, ikafuata banjo. Kisha nikahisi kidole kwenye kiwiko changu. Alinigusa kama kawaida yetu, kama hajasema kitu, na kidole kile kinaniuma mpaka leo kuliko hata uongo wenyewe. Niliingia kwenye maikrofoni. Nikapiga sehemu ya kwanza kama anavyoiimba mama, nikiipunguza mwendo bendi nzima, na nilipofika pale unapokatika, nikakata. Sikupiga ya pili. Nilishusha upinde nikasimama kimya mbele ya watu wote ili washtuke, angalau mmoja wao aulize kuna nini. Lakini nilifunzwa mwenyewe kwamba maikrofoni moja haiachwi tupu. Bega lake likapita mbele yangu, banjo ikapiga sehemu ya pili, sehemu yangu, yote bila kukosea, na ukumbi ukapiga makofi wimbo haujesha. Walidhani tumepanga.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi akiitia banjo kwenye mkoba wake. Nilimuuliza kwa nini. Hakuona haya hata kidogo, alinieleza kwa sauti ile ile ya siku aliyoniondolea kiti. Wale wa tamasha wanatafuta nyimbo za kale, alisema. Wimbo wa kale watu huusikiliza kwa heshima, lakini ukiwaambia umetungwa jikoni Kingsbury watatabasamu tu na kusahau. Yeye ameulinda. Siku moja nitamshukuru.

"Uliniahidi," nikamwambia. "Mama yangu alikuwa amekaa pale."

"Wewe mwenyewe uliniambia kwenu mtunzi hatajwi."

"Kwetu hatajwi kwa sababu watu wanamjua. Wewe umemtaja mtu ambaye hayupo."

Akasema naonekana nimechoka, tuzungumze kesho. Kesho hiyo sikumpa. Wahenga wamesema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na mimi msemo huo nimeusikia tangu nina akili, lakini hata wao hawakunambia kwamba mla nawe anaweza kusimama mbele ya mama yako, na ladha ya pilau lake mdomoni, akamfuta. Watu wameniambia kosa ni langu, ningesema tangu mwanzo. Silikubali. Adabu yangu haina kosa. Mwizi hawi msafi kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Tulirudi nyumbani kwa gari langu. Nilimweleza kwamba yule mtu kasema uongo na wimbo ni wake yeye. Binti yangu akaniunga mkono, na safari hii kwa Kiswahili: ni wako, bibi. Mama akatukataza tusimseme vibaya mtu aliyekula kwake. Kisha akafikiri kidogo.

"Huenda kweli," akasema. "Jirani yetu alikuwa na gramafoni na santuri za kizungu, mie mdogo. Labda n'liusikia kule, n'kadhani wangu."

"Sio hivyo, mama."

"We umejuaje? Hujazaliwa."

Nilikamata usukani. Mama yangu, aliyebishana na mashine ya mchele miaka yote hiyo, alimwamini mtu wa jukwaani kuliko alivyoamini kichwa chake mwenyewe. Mwanawe huyo mlaji wa ukoko ndiye aliyemtia shaka hiyo, na aliitia kwa sauti ya upole. Nilimchukia pale kwenye taa nyekundu kama sijapata kumchukia mtu, na bado namchukia.

Siku zilizobaki kabla ya safari mama alichagua mchele wake dirishani kama kawaida, kimya. Nilikuwa najitafutia kazi jikoni, naosha vyombo visafi, nimetega sikio. Binti yangu akamuuliza mbona haimbi siku hizi. Akajibu asije akakamatwa uwanja wa ndege na nyimbo za Wamarekani. Alisema kwa mzaha, na sote tukacheka.

Niliacha bendi. Wakaalikwa kwenye tamasha lao, wakapata fidla nyengine, na wimbo ukaenea kama nyimbo zinavyoenea. Sijaacha kupiga, nitaiacha vipi kazi ya baba? Majuzi nilikuwa kwenye chumba kile cha juu cha baa, juisi yangu mezani, mwanamke mmoja mgeni akauanzisha wimbo ule. Nikaunga naye, na nilipofika pale mama anapokata, nikakata. Aliniinamia kwa wema, akanambia sivyo unavyokwenda, wimbo huu ni wa kale sana na una mwisho wake, akanipigia ili nijifunze.

"Huu ni wangu na mama yangu," nikamwambia.

Mara ya kwanza maishani nikajitaja mwenyewe, kama mshamba. Yule mwanamke akatabasamu. Akasema hiyo ndiyo raha ya nyimbo za asili, kila mtu huhisi ni zake.

Nilirudi nyumbani nikampigia mama simu ya video. Alikuwa amekaa uani Unguja na sinia magotini, mdogo wake akipita nyuma na ndoo. Tukasalimiana, akaniulizia baridi, akaniulizia mjukuu wake. Kisha nikaisimamisha simu kwenye kabati, nikachukua fidla ya baba, nikampigia mstari wake kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiuimba, nikaukata pale pale, nikangoja. Aliinua uso.

"Mzuri," akasema. "Ndo ule wa yule mzee?"

"Hakuna mzee, mama. Ni wako."

Akacheka kidogo, kama mtu anayekataa kupewa kiti cha mbele. "Mie nina wimbo gani, mwanangu?"

Akauinamia mchele wake. Niliushikilia upinde bila kupiga ile sehemu ya pili, nikamsikiliza akichagua. Mchele wa kule una mawe kweli, na kila aliloliokota alilitupa kwenye kisahani likalia. Aliokota mengi. Hakuimba.